Sura ya Sita: Pesa Hulala Wapi?

Kutoka Voi hadi Moshi, ukipita Mwatate, Maktau na Taveta, ni kilomita zisizozidi 170. Ni safari ya asubuhi moja, ukitoa muda wa kugongesha pasipoti mpakani. Ndani ya safari hiyo fupi kuna kitendawili ambacho wachumi wetu wamekiacha bila kukitegua. Kenya, kwa hesabu za kitaifa, ina uwezo kuliko Tanzania: pato la taifa likigawiwa wananchi wote, fungu la Mkenya linapita dola 2,000 kwa mwaka, na la Mtanzania ni kama dola 1,200. Aliyesoma takwimu hizo tu angetarajia kwamba akitoka Moshi kwenda Voi anatoka kijijini kwenda mjini. Kumbe ni kinyume. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliikuta Voi ina wakazi zaidi ya 53,000, nayo ndiyo mji mkubwa kuliko yote katika kaunti ya Taita Taveta. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 iliikuta Manispaa ya Moshi ina watu 221,733. Kaunti nzima ya Taita Taveta ilikuwa na watu 340,671. Mkoa wa Kilimanjaro, ambao eneo lake ni dogo kuliko la kaunti hiyo, ulikuwa na 1,861,934. Nchi yenye uwezo zaidi ndiyo yenye mji mdogo, na sura hii inatafuta sababu.

Kabla ya kujibu, tuutazame mzani wenyewe, maana mizani miwili ya nchi mbili haipimi kwa jiwe moja. Shirika la Takwimu la Kenya lilianza kuchapisha pato la kila kaunti mwaka 2019, likianzia takwimu za 2013. Tanzania nayo hutoa pato la kila mkoa. Lakini Kenya huhesabu kwa bei za mwaka wa msingi 2016 na Tanzania kwa bei za 2015, na sarafu zenyewe hazifanani tena: mwaka 1966, kila nchi ilipotoa shilingi yake, zilikuwa na thamani moja, na leo shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa karibu 20 za Tanzania. Hayo yote mtaalamu anaweza kuyarekebisha kwa kalamu. Kasoro isiyorekebishika kwa kalamu ni nyingine. Pato la kaunti huhesabu thamani pale inapozalishwa, bila kuuliza inakwenda wapi ikishazalishwa. Mkonge ukikatwa Mwatate huingia katika hesabu ya Taita Taveta hata kama faida yake yote inavuka mipaka ya kaunti kabla jua halijazama. Ndiyo maana naona swali la kuuliza kuhusu mji wowote ni hili: pesa iliyopatikana hapa imelala hapa usiku mmoja, au imepita tu? Imebadilisha mikono mingapi kabla ya kuondoka? Kwa kipimo hicho, Voi ni mji wa kupitiwa na Moshi ni mji wa kulaliwa, na tofauti hiyo haikuletwa na Mungu peke yake.

Tuanze na Voi. Mji huu ni mtoto wa reli. Karne ya kumi na tisa misafara ya pembe iliyotoka Mombasa kwenda Kilimanjaro na Umasaini haikuwa na haja kubwa na bonde la mto Voi. Kituo chao kikuu cha kupumzika na kununua chakula kilikuwa Taveta, penye msitu, maji na ndizi. Reli ya Uganda iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1896 ilifika sehemu hizi mwaka 1898, mwaka uleule ambao simba wawili waliwatafuna wafanyakazi wa daraja la Tsavo na kuliingiza jina hilo katika vitabu vya dunia. Tangu hapo Voi imekuwa njia panda: reli ya zamani, barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, tawi la kwenda Taveta, na tangu 2017 stesheni ya reli ya kisasa ambako Madaraka Express husimama kwa dakika chache. Hakuna mji wa pwani ya ndani uliojaliwa njia kama hizi. Na njia zina riziki yake: mikahawa, gesti, gereji, vituo vya mafuta, vibarua wa kupakia na kushusha. Lakini riziki ya njia hutegemea msafiri aamue kusimama, na uamuzi huo hufanyika mahali pengine.

Somo hilo Voi ililipata kwa uchungu. Treni za mizigo za reli mpya zilianza kazi mwaka 2018, na mwaka 2019 serikali ikaagiza kontena za kwenda bara zipakiwe kwenye treni hadi Nairobi. Malori yakapungua barabarani. Mariakani, Voi na Mtito Andei, miji iliyokuwa ikila kwa jasho la madereva, ikalia kwa sauti moja. Mwezi Septemba 2022, Rais William Ruto alipoapishwa, agizo hilo likaondolewa na shughuli za kutoa mizigo zikarudi bandarini Mombasa. Wapo wanaosema kwamba kilichoiumiza Voi ni reli mpya. Mimi sioni hivyo. Kontena lililopita kwenye reli na kontena lililopita kwenye lori yote mawili yalipita yakiwa yamefungwa. Hakuna lililofunguliwa Voi, hakuna kilichotolewa ndani kikashonwa, kikasagwa au kikaunganishwa. Reli iliondoa chakula cha dereva, na huo ndio uliokuwa uchumi wenyewe. Mji ambao karatasi moja iliyotiwa saini Nairobi inaweza kuufungia chakula ulikuwa dhaifu tangu kabla ya karatasi hiyo.

Nenda sasa kwenye utajiri wa ardhi yenyewe. Karibu asilimia 62 ya kaunti imo ndani ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotangazwa mwaka 1948. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2017 ilikuta tembo zaidi ya 12,000 katika Tsavo na hifadhi jirani ya Mkomazi, Tanzania, kwa pamoja. Kila mtalii anayeingia hulipa kiingilio, na kiingilio hicho huenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, si kwa kaunti. Wanasiasa wa Taita Taveta hulitaja jambo hili kila uchaguzi, wakionyesha Narok, ambako Maasai Mara, kwa kuwa ni hifadhi ya akiba wala si hifadhi ya taifa, inasimamiwa na kaunti na mapato yake yanaingia kwenye mfuko wa kaunti. Hoja yao ya haki ina nguvu, hasa kwa mkulima wa Sagalla ambaye tembo wa taifa zima hula mahindi yake yeye mmoja. Lakini kama maelezo ya kwa nini Moshi imeipita Voi, hoja hiyo haisimami. Ada za kupanda Mlima Kilimanjaro nazo haziendi Manispaa ya Moshi wala kwa mkoa. Huchukuliwa na serikali kuu kupitia shirika la hifadhi za taifa. Kwa upande wa kiingilio, Voi na Moshi zimetoka sare.

Tofauti iko kwenye miguu ya mtalii. Mlima wa mita 5,895 haupandwi kwa gari. Sheria za hifadhi haziruhusu mtu kuupanda bila kiongozi, na kundi dogo la wageni huhitaji wapishi na wapagazi kadhaa kwa muda wa siku tano, sita au saba. Kabla ya kupanda mgeni hulala Moshi au Marangu, akishuka hulala tena, na katikati ameajiri vijana ambao mshahara na bakshishi zao zitalipa kodi ya chumba Majengo na karo ya shule Rombo. Tsavo haiko hivyo. Wageni wengi wa Tsavo ni wageni wa bahari: hutoka hoteli ya Diani au Watamu alfajiri, gari na dereva kutoka pwani, hulala ndani ya hifadhi usiku mmoja au hata kutolala, na kurudi ufukweni. Lango la Voi liko karibu na mji, na mgeni hulipita bila kujua kama nyuma ya kituo cha mafuta kuna mji. Hifadhi mbili, ada zote zimekwenda makao makuu, na bado moja imelisha mji na nyingine haikulisha.

Mkonge hufuata mkondo huohuo. Mashamba ya Mwatate na Voi yamo miongoni mwa makubwa ya zao hilo katika Afrika nzima. Kinachotoka ni nyuzi zilizokaushwa na kufungwa marobota, zikielekea bandarini. Mawe ya thamani ndiyo mfano mchungu zaidi. Garneti ya kijani iliyogunduliwa Tanzania mwaka 1967, na baadaye kidogo ikapatikana upande wa Taita, ilitangazwa duniani na Tiffany ya New York mwaka 1974 kwa jina la tsavoraiti, yaani jina la Tsavo yenyewe. Jina likapata sifa. Mji haukupata karakana. Mchimbaji mdogo wa Kasigau au Mwatate huuza jiwe ghafi kwa dalali kwa bei ambayo dalali ndiye anayeijua, na jiwe hukatwa ng'ambo. Kituo cha kukata na kupima vito kilijengwa Voi, kikakaa miaka kadhaa baada ya kukamilika bila kufanya kazi iliyokusudiwa. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha kwa asilimia 70 ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya jamii, mgawo mzuri kwenye karatasi, lakini huwezi kugawa mrabaha wa jiwe lililoondoka mfukoni mwa mtu. Tanzania ilijaribu dawa kali zaidi, ukuta wa kuzunguka machimbo ya tanzanaiti Mirerani mwaka 2018 na masoko ya madini ya mikoa tangu 2019. Ukuta una kasoro zake, na mchimbaji anayepekuliwa langoni atakuambia. Soko la madini, hata hivyo, ni wazo ambalo Voi ingefaa kuliazima bila aibu.

Kuna maji pia. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, hutoa maji yaliyochujwa na miamba ya volkano ya Chyulu, na bomba lililojengwa miaka ya 1950 huyapeleka Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mombasa hunywa, na vijiji vingi vya Taita hutazama bomba likipita. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi, kwani mji wa bandari usingeweza kuachwa na kiu. Nalitaja kwa sababu linakamilisha picha: reli, malori, watalii, nyuzi, mawe na maji, vyote hupita.

Sasa pingamizi la kwanza, na ndilo kubwa. Msomaji atasema: unalinganisha mlima na nyika. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro una udongo wa volkano, mvua nyingi na mifereji ya maji ambayo Wachaga waliichimba karne kabla ya Mjerumani kufika. Kihamba kimoja hubeba migomba, kahawa na ng'ombe wa zizini kwa pamoja. Voi iko kwenye nyika ambako mvua mbili mfululizo zikikosa hakuna wa kumlaumu. Palipo na watu 140 kwa kila kilomita ya mraba, kama Kilimanjaro, mji utakua wenyewe. Palipo na 20, kama Taita Taveta, hautakua. Hata ukiondoa eneo la hifadhi, wastani wa Taita Taveta hupanda hadi kama 52 tu. Nakubali. Sehemu kubwa ya tofauti ni udongo na mvua, na mwandishi anayekana hilo anataka kumfurahisha mtu fulani.

Ila udongo haujengi ushirika. Tazama yaliyotokea katika miaka ileile pande mbili za mpaka. Kilimanjaro, wakulima Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikasajiliwa upya kuwa KNCU, muungano wa vyama vya ushirika uliokusanya kahawa ya wakulima wadogo na kuiuza kwa pamoja. Masetla walinung'unika, lakini zao likaendelea kukobolewa Moshi, kuonjwa Moshi na baadaye kunadiwa Moshi. Faida ilijenga shule na ofisi, na mwaka 1963 mji ukapata Chuo cha Ushirika, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kenya ya wakati huo, Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa isipokuwa kwa majaribio madogo sehemu chache, mpaka mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipofungua mlango. Wataita walikuwa na vilima vyenye mvua, Dawida na Sagalla, lakini walikuwa wakisukumwa kupisha mashamba ya masetla. Walipojipanga mwaka 1939 katika Taita Hills Association kudai ardhi, jibu la serikali lilikuwa kukipiga chama hicho marufuku mwaka 1940, pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba, na kuwaweka viongozi wake kizuizini. Upande mmoja chama cha wakulima kilisajiliwa, upande wa pili kilifungwa. Hapo pia palikuwa na tofauti ya mvua?

Pingamizi la pili ni la werevu zaidi, na nakiri limenilazimu kuibadilisha hoja. Linasema: Voi haifai kulinganishwa na Moshi hata kidogo. Mwenzake wa kweli ni Same, mji wa nyika kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, wenye reli, wenye hifadhi ya Mkomazi mgongoni, na milima ya Upare yenye mvua juu yake kama vile Voi ilivyo na vilima vya Taita. Ukizilinganisha hizo mbili, Voi ndiyo inayotangulia. Ni kweli. Kwa hiyo kitendawili kinahama: kinaondoka Voi na kukaa Taveta. Taveta iko chini ya Kilimanjaro uleule. Mto Lumi unatoka mlimani, Njoro Kubwa hububujika maji ya mlima, Ziwa Chala na Ziwa Jipe zimekatwa na mpaka katikati. Udongo ni wa volkano, migomba inastawi. Taveta ndiyo iliyokuwa soko la misafara wakati Moshi ni makazi tu ya Mangi, mtawala wa Wachaga. Kwa nini basi haikuwa Moshi ya Kenya, ikawa mji mdogo wa mwisho wa barabara?

Jibu la kwanza ni ardhi. Baada ya Vita vya Kwanza sehemu kubwa ya bonde la Taveta iliangukia mikononi mwa Ewart Grogan, yule setla aliyepata umaarufu kwa kutembea kutoka Kusini mwa Afrika hadi Cairo, ambaye alichimba mifereji, akapanda mkonge na kujijengea jumba juu ya kilima cha Girigan. Alijua kilimo, hilo hakuna wa kumnyima. Lakini shamba moja la maelfu ya ekari hulipa vibarua. Halizai wakulima elfu wenye kahawa ya kupeleka chamani. Baada yake mashamba yalibadili wamiliki, na watu waliobanwa pembezoni mwake wakabaki maskwota, suala ambalo limekuwa mtaji wa kila mgombea ubunge tangu uhuru. Mji unaozungukwa na shamba la mtu mmoja hauna pa kutanuka wala wateja wa kuutanua.

Jibu la pili ni mpaka wenyewe, na hapa historia ina kejeli. Reli ya Voi hadi Taveta haikujengwa kwa biashara. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914; Waingereza, wakihitaji kuwafikishia askari wao maji na risasi, walianza kutandika reli kutoka Voi mwaka 1915, na kufikia 1916 walikuwa wameiunganisha, pale Kahe, na reli ya Tanga na Moshi ambayo Wajerumani waliikamilisha 1911. Vita vilipokwisha, reli ya kivita ikawa njia ya riziki: sehemu ya mizigo ya Moshi iligeuza uso kutoka Tanga kuelekea Mombasa, na watawala wa Tanganyika wakalalamika kwamba bandari yao inanyang'anywa chakula. Hawakukosea hesabu. Kupitia Voi, kutoka Moshi hadi Mombasa ni takribani kilomita 310. Kwa reli hadi Tanga ni kama 350. Dar es Salaam iko zaidi ya 550. Bandari iliyo karibu zaidi na Moshi iko Kenya. Kwa miaka hamsini Voi na Moshi zilikuwa, kwa kadiri fulani, ncha mbili za uchumi mmoja.

Kisha ukaja mwezi Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikivunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Moja ya sababu ilikuwa hiihii tunayoijadili: watalii walikuwa wakishukia Nairobi, wakipelekwa kwenye mbuga za kaskazini mwa Tanzania kwa magari ya Kenya na kurudi Nairobi kulala na kulipa. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imejenga uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mwaka 1971 na ikataka mgeni alale kwake. Kufunga mpaka kuliiumiza Tanzania pia, miaka ile ya dhiki hakuna aliyekuwa na sabuni. Lakini Moshi, ikikatwa upande wa mashariki, ilibaki na mgongo: ilikuwa na barabara ya Arusha, hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa 1971, kiwanda cha sukari cha TPC, kahawa yake na mnada wake. Taveta, ikikatwa upande wa magharibi, ilibaki na barabara ya vumbi ya zaidi ya kilomita 100 katikati ya tembo. Mpaka mmoja uliofungwa siku moja uliwapa wawili hao hasara zisizolingana.

Mtetezi wa Voi anaweza kunirudisha nyuma akasema kwamba naisifu Moshi kupita inavyostahili. Vyama vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980 vikiwa vimechoka. Mgawo wa kimataifa wa kahawa ulipokufa mwaka 1989 bei ilianguka, na wakulima wengi waliing'oa mibuni wakabaki na migomba na nyanya. Viwanda kadhaa vya enzi za Ujamaa vilifungwa milango. Yote ni sahihi, na Moshi ya leo haiwezi kujivunia moshi wa viwanda. Lakini tazama mji ulivyoanguka: uliangukia juu ya vitu. Kahawa iliposhuka, shule zilikuwepo, chuo kilikuwepo, hospitali inayovuta wagonjwa kutoka mikoa yote ya kaskazini ilikuwepo, mlima ukaanza kuleta wageni, na Mchaga aliyehamia Dar es Salaam kufanya biashara akawa anarudi kila Krismasi kujenga nyumbani. Pesa iliyowahi kulala mahali huacha kitanda. Hata reli ya Tanga, iliyokuwa imekufa, ilirudi Moshi mwaka 2019. Reli ya Voi na Taveta haikurudi.

Je, hali imebadilika tangu Jumuiya ifufuliwe? Kwa barabara, ndiyo. Lami sasa inatoka Voi hadi Taveta kupitia Mwatate, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tangu 2016 kituo cha pamoja cha mpakani Taveta na Holili kinamwezesha mfanyabiashara kukaguliwa mara moja badala ya mbili. Umoja wa Forodha ni wa 2005, Soko la Pamoja ni la 2010. Soko la Taveta limekuwa dirisha la uchumi huu: mchele, vitunguu, mahindi na maharagwe kutoka Kilimanjaro na kwingineko Tanzania, ndizi na nyanya za Taveta, na wanunuzi wa Mombasa na Nairobi. Wanawake ndio wengi, na njia za panya bado zina wateja, kwani karatasi za forodha, hata zikirahisishwa, humtisha mtu mwenye magunia matatu kuliko mwenye malori matatu.

Lakini kila baada ya muda mfupi serikali mojawapo hukumbuka kwamba ni nchi. Oktoba 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya waliokamatwa wilayani Mwanga, ng'ambo ya Ziwa Jipe. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ikalegeza siku chache baadaye kwa masharti. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wageni biashara ndogo za aina 15, miongoni mwazo kununua mazao shambani. Kila mara Nairobi na Dar es Salaam hupatana kwa mkutano na picha ya pamoja. Dalali wa Taveta aliyeweka akiba yake kwenye vitunguu vilivyoozea Holili hapati fidia. Ndiyo sababu mwenye mtaji haweki kiwanda mpakani. Huweka lori, kwa kuwa lori linaweza kugeuza.

Kutokana na yote haya naona kwamba viongozi wa Taita Taveta wamekuwa wakipigania fungu lisilo sahihi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 kaunti ina serikali yake na mgawo wake kutoka hazina, kitu ambacho mkoa wa Kilimanjaro hauna. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Kama nguvu ya kisiasa peke yake ingejenga mji, Voi ingekuwa imeanza kuikaribia Moshi. Badala yake juhudi nyingi zimekwenda kwenye kudai asilimia ya kile kinachopita: asilimia ya kiingilio cha Tsavo, ya mrabaha wa madini, ya maji ya Mzima. Ni madai ya haki, na yakishinda yatalipa mishahara. Hayatabadilisha ukweli kwamba kitu chenyewe kimepita. Soko la vito lenye mizani ya wazi Voi, kiwanda cha kusokota kamba na magunia kando ya mashamba yaleyale ya mkonge, maghala baridi ya ndizi Taveta, na wahitimu wa uhandisi wa madini wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta wakifanya kazi Mwatate badala ya kuitafuta Nairobi: hayo yangemfanya msafiri na shilingi yake walale.

Msomaji anayetaka kuipima hoja hii asianzie kwenye vitabu vya takwimu. Aende Taveta siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, asimame karibu na malori. Ahesabu ni mangapi yanaondoka na ndizi mbichi kwenda Mombasa na Nairobi, kisha ahesabu ni mangapi yanashusha kitu kilichotengenezwa Voi.